Ndakala Walioliwa Nyuma ya Mkeka

Kaka yangu Casimir aliweza kuona tundu la wavu akiwa amesimama mbali, pale ambapo sisi wengine tuliona wavu mzima. Alikuwa fundi wa nyavu hapa Baraka tangu ujana wake, na wenye mitumbwi walimheshimu kwa sababu hakumficha mtu kitu. Tundu likiwa la panya, alisema ni la panya. Likiwa la mlevi aliyeburuta wavu juu ya mawe, alimtaja mlevi huyo, hata kama ndiye mwenye mtumbwi na ndiye anayemlipa. Nasema haya kwanza ili msomaji asidhani naeleza habari za mjinga. Casimir hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga, ningemsamehe zamani.

Mimi ni mdogo wake, Adolphine. Watu huniita Mama Immaculée. Shule sikuiona, herufi nilifundishwa na mke wa katekista nikiwa mtu mzima, ili nisome nyimbo za kanisani, na sikutegemea kuzitumia kwa kazi kama hii.

Marehemu mume wangu aliniachia shamba kando ya mto Mutambala. Upande wa juu mihogo, upande wa mto michikichi, na katikati, chini ya mchikichi mmoja mrefu, kaburi lake. Shamba hilo tulilifyeka wawili, yeye kwa panga na mimi kwa jembe, mimba ya Immaculée ikiwa tumboni. Alipokufa, mdogo wake Bonaventure alingoja matanga yaishe, kisha akaja kusema kwamba shamba ni la ukoo wao na mimi sina mtoto wa kiume wa kulishika. Ninaye mtoto mmoja, huyo Immaculée, aliyeolewa Kilembwe. Kwa Bonaventure, mtoto wa kike aliyeolewa Kilembwe ni kama hakuzaliwa.

Nikapeleka kesi kwa shefu, yaani chifu wetu. Kwetu mwanamke hasimami mwenyewe mbele ya wazee. Anakaa chini, nyuma, na ndugu yake wa kiume anasimama kumsemea. Neno analolikubali ndugu huyo, mwanamke amelikubali. Analolikataa, mwanamke amelikataa, hata kama huko nyuma analia machozi. Msemaji wangu alikuwa Casimir. Na wazee, kama kawaida yao, wakaiahirisha kesi, wakaiahirisha tena, mpaka ukaingia mwaka wa hamsini na tisa na habari ya kura.

Wabelgiji walisema kwamba mwezi wa Desemba kila mwanaume mzima angechagua watu wa kukaa katika baraza. Wanaume, walisema. Sisi wanawake tungeendelea kuanika samaki. Upande wetu wa ziwa alisimama Albert, mwenye mitumbwi, ambaye nyavu zake zote zilishonwa na Casimir. Upande wa milimani, kule Fizi, alisimama Isidore, aliyewahi kuwa mwalimu na mwenye mashamba makubwa ya maharagwe. Bonaventure, ambaye mke wake Suzanne ni wa ukoo wa Isidore, alikuwa mtu wa Isidore mpaka kwenye kucha. Na watu wote, huku na huku, walikubaliana jambo moja tu: kwamba atakayeshinda ataketi karibu na shefu, na kesi zote zilizolala zitaamka kwa sauti yake. Hivyo shamba langu likatoka mikononi mwa wazee likaingia ndani ya kura ambayo mimi sikuwa nayo.

Tangu hapo hakuna kitu kilichobaki kuwa kitu tu. Mvua ilinyesha siku Isidore alipohutubu sokoni: watu wake wakasema ni baraka, wa Albert wakasema mbingu imewafukuza. Mtumbwi wa Albert ukarudi mtupu: wa Isidore wakacheka kwamba hata samaki wamemkimbia, wa Albert wakasema samaki wanangoja ushindi waje wote pamoja. Mchunga ng'ombe mmoja aliposhuka kutoka Minembwe akanunua ndakala, wale dagaa wetu wa ziwani, wa kula njiani, Casimir alirudi nyumbani anang'aa.

"Milima ya juu yote ni yetu sasa," akaniambia.

"Yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita kaka kwetu, "ule muntu alikuwa na njaa."

"Njaa! Mbona hakununua maharagi?"

Jirani yangu wa kuanikia samaki alikuwa Kulthumu, ambaye mume wake Uledi alishika usukani katika mtumbwi wa Albert. Kulthumu alikuwa na ulimi. "Mama Immaculée," aliniambia asubuhi moja tukigeuza samaki mchangani, "hapa Baraka hata muntu akikohoa, banauliza kama amekohoa ya Albert ao ya Isidore. Mi sasa nakohoa ndani ya nyumba tu."

Basi siku moja ya soko, alishuka kutoka biro ya serikali kule Fizi karani aitwaye Placide, pamoja na polisi wawili. Karani huyo alikuwa mtu wa Uvira, hakujua mambo yetu. Alitumwa kuwafundisha wanaume namna ya kupiga kura, kwa sababu wengi hawakuwahi kuona jambo hilo. Alisimamisha nguzo, akazungushia mikeka ikawa kama chumba kisicho na paa, akaweka ndani chungu chenye mdomo mwembamba, na nyuma, mahali pa kutokea, kikapu chenye kifuniko. Kisha akapanda juu ya sanduku.

"Baba zangu, leo hatuchague muntu," akasema. "Leo tunafundisha mikono tu. Mimi na bapolisi tutakula hapa kwenu, njo mutuchagulie chakula: maharagi ao ndakala. Kila baba atapewa haragi moja na ndakala moja. Unaingia peke yako. Kile unapenda, unatia ndani ya chungu. Kile kingine, unatupa ndani ya kitunga. Hakuna mwenye kukuona. Munasikia?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Placide akadhani wamefurahia kichekesho chake. Hakujua kwamba pale Baraka maharagwe tayari yalikuwa na mwenyewe na ndakala walikuwa na mwenyewe. Niliwaona wanaume wakitazamana. Nilimwona Casimir akikaza mkanda wa suruali kama mtu anayekwenda kupigana.

Ndakala hao walikuwa wangu. Karani aliwanunua kwangu asubuhi ile, wakavu, wa jua la siku mbili, wenye chumvi kidogo. Sijisifu, lakini ndakala wangu mtu hawezi kuwashika mkononi tumbo tupu akawaacha. Na wanaume wale walikuwa wametoka makwao alfajiri, wengine kutoka Fizi kwa miguu.

Wakaanza kuingia mmoja mmoja. Na wakaanza kutoka wakitafuna.

Uledi alitoka akifuta midomo. Kulthumu akampigia kelele toka upande wetu wa wanawake: "Baba Saumu! Umechagua ao umekula?"

"Nimefanya byote biwili!"

"Basi weye njo utatawala!"

Tukacheka sana. Hata mimi nilicheka siku ile. Niliona watu wa ziwani wakitoka wakitafuna, nikaona na watu wa milimani wakitoka wakitafuna. Bonaventure mwenyewe alitoka na mkia wa ndakala umeshika kwenye ndevu zake.

Walipokwisha, Placide alikimwaga chungu juu ya mkeka mbele ya watu wote, akatenga maharagwe huku na samaki huku. Hapakuwa na haja ya kuhesabu. Maharagwe yalikuwa fungu kubwa, samaki fungu dogo. Watu wa Isidore wakaruka juu. Bonaventure akamshika mtu wa karibu yake akacheza naye.

Nikamtazama Casimir. Nilitegemea kuona uso wa mtu aliyepigwa. Alikuwa anatabasamu.

"Ngojeni!" akapaza sauti. "Bwana karani, hebu fungua na kile kitunga."

Kikapu kikafunguliwa. Mlikuwa na maharagwe na ndakala wachache sana. Ndakala wa chungu na wa kikapu, ukiwaweka pamoja, hawakufika hata nusu ya wale niliowauza.

"Munaona?" akasema Casimir. "Ndakala bako wapi? Bako ndani ya tumbo! Muntu aliyekula ndakala, mukononi amebaki na nini? Haragi tu. Amelitupa ndani ya chungu kwa kuona haya tu. Kila tumbo lenye samaki ni kura ya Albert!"

Watu wa ziwani wakalipuka kwa shangwe. Wakaanza kupapasa matumbo ya watu wakisema, "Huyu wetu! Na huyu wetu!"

"Uongo!" akajibu Bonaventure. "Kintu unapenda, unakitunza. Kintu hupendi, unakimaliza kwa meno. Sisi tumewatafuna ninyi, tukatunza maharagi yetu!"

"Na hizi ndakala za ndani ya chungu?" mtu akauliza.

"Hizo ni za batu betu ba Fizi, bale basiopenda harufu ya samaki. Balitaka tu zitoke mukononi."

"Na maharagi ya ndani ya kitunga?" akauliza mwingine, wa upande wetu. "Si mumeyatupa ninyi benyewe!"

Placide alisimama juu ya sanduku lake akiinua mikono. "Baba zangu, ni chakula! Ni chakula tu! Tunajifunza!" Hakuna aliyemsikia. Mwishowe polisi wake wakapika maharagwe, na walipoketi kula, watu wa Isidore walikaa kuwazunguka wakitazama kila kijiko kinavyopanda, kama watu wanaotazama misa.

Jioni nilimwambia Casimir, "Yaya, nimeona Bonaventure naye ametoka anatafuna."

Nilidhani hilo lingemtikisa. Alicheka mpaka akakohoa. "Basi hata yeye! Mudomo unasema Isidore, tumbo linasema Albert."

Ndakala wale walimaanisha nini? Mimi sijui. Sikujua siku ile na leo sijui. Lakini kila mtu niliyekutana naye wiki ile alijua, na kila mmoja alijua kile alichokuwa anakijua tangu kabla karani hajashuka.

Siku chache baadaye, mchana, Bonaventure alifika nyumbani kwa Casimir, ambako nilikuwa nimekuja kumpikia kwa kuwa mke wake alikuwa mgonjwa. Alikuja na Suzanne, na mkononi alishika jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Mtu haji na jogoo kwa ugomvi. Casimir akampa kigoda.

"Shemeji," Bonaventure akasema, lakini macho yake yalikuwa chini, "mimi na dada yako tumekuwa kichekesho. Marehemu alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Upande wa mto, na michikichi, na pale pa kaburi, achukue yeye. Upande wa juu nibaki nao mimi. Twende kwa shefu pamoja, tuseme imekwisha."

Mimi nilikuwa jikoni na Suzanne, mlango wazi. Suzanne akanishika mkono. "Ni yeye mwenyewe amewaza," akaninong'oneza. "Juzi alipita kule kukata ngazi za michikichi. Alikaa pale kwa kaburi. Amerudi, hajasema neno mpaka asubuhi. Mama Immaculée, sema ndiyo mbele hajageuka, kabla hajabadili moyo."

Ndiyo! Nilikuwa nayo mdomoni, yote. Upande wa mto ndio wenye maji, ndio wenye mafuta, ndio wenye mume wangu. Kama ningeulizwa mimi nichague nusu, ningechagua hiyo hiyo. Lakini sikuulizwa mimi. Nilitoka nikasimama mlangoni ili Casimir anione. Aliniona. Akageuza uso kwa Bonaventure.

"Nani amekutuma?" akamuuliza.

"Kunituma? Hakuna."

"Wacha. Isidore amekutuma. Mumeketi kule Fizi, mumehesabu yale matumbo, mumeona mumekwisha. Sasa munakuja na nusu, mbele hatujachukua yote."

Bonaventure akainua macho. "Casimir, mimi nasema habari ya ndugu yangu."

"Na mimi nasema habari ya ndakala."

"Yaya," nikasema, "pokea. Mi nakuomba. Pokea hiyo nusu."

"Nyamaza, dada. Unaogopa nini? Maharagi? Muntu mwenye nguvu analeta jogoo? Hebu mutazame! Mbele ya ile siku ya karani alikuwa anasema hata mukungu moja ya ngazi hatakupa. Leo analeta mito na michikichi. Kintu gani kimebadilika? Ndakala!"

"Kaburi njo limebadilika," nikasema. "Amekaa pale."

"Mwanamuke," akaniambia kaka yangu, bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto, "weye hujui siasa."

Kisha akasimama, kama anavyosimama mbele ya wazee, akasema kwa sauti ile ya barazani: "Dada yangu amekataa."

Bonaventure aliinuka. Uso wake ulifunga, nikauona ukifunga, kama mtu anavyofunga mlango wa ghala. Akachukua jogoo wake, akamwambia Suzanne, "Twende." Pale uani alinipita karibu sana. "Shemeji," akaniambia polepole, "nimekuja na aibu yangu mukononi. Sitaileta mara ya pili."

Casimir aliwasimulia watu wote wa ufukoni habari ya jogoo. Habari hiyo ilifika mpaka kwa Albert mwenyewe, nasikia alicheka. Kwa watu wake ikawa ushahidi mkubwa kuliko ndakala: Isidore ameanza kutuma jogoo. Kule Fizi, nayo, nasikia walisema: mmeona, tumewanyooshea mkono na wameshindwa hata kuupokea, hao ni watu waliokwisha kuogopa. Jogoo mmoja, na alishinda pande zote mbili.

Desemba ikafika, wanaume wakapiga kura ya kweli. Sisi tulikuwa tunaanika. Kulthumu hakufanya mzaha siku ile. Aliona nilivyogeuza samaki wale wale mara mbili mbili. Habari iliposhuka kutoka Fizi, Isidore alikuwa ameshinda.

Nilimkuta Casimir akishona wavu.

"Si ushindi ule," akasema. "Batu ba milima banahesabiwa hata wafu. Hapa Baraka tumeshinda. Ukitoa Fizi, tumeshinda."

"Ukitoa Fizi."

"Ndiyo. Na kumbuka zile ndakala."

Wiki ile ile Bonaventure akamwomba shefu akamilishe kesi. Nikakaa chini, nyuma, mahali pangu. Casimir akasimama. Alisema vizuri, sitamnyima hilo, alieleza jembe langu na panga la marehemu mpaka mzee mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Ndipo mzee huyo huyo akauliza, "Tunasikia huyu bwana alileta jogoo akatoa nusu. Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema Casimir.

"Na dada yako alisemaje?"

Nilitazama mgongo wa kaka yangu. Shati lilikuwa limelowa.

"Alikataa," akasema.

Wazee hawakukaa muda mrefu. Mtu aliyekataa nusu mbele ya shahidi, walisema, hawezi kurudi kuomba yote, wala hawezi kurudi kuomba nusu. Shamba likawa la Bonaventure, juu na chini, na kaburi nikaruhusiwa kulipalilia kwa idhini yake.

Na hili ndilo linalonikaa kooni mpaka leo. Isidore hakufika pale barazani. Hakutuma mtu. Hakumnong'oneza shefu. Albert naye hakufika. Niliwauliza watu baadaye, watu wa pande zote, na wote walisema mambo haya haya: yule Isidore hajui hata kama Mutambala ina shamba langu. Kura zilipita kando ya shamba lile kama mtumbwi unavyopita kando ya mtu anayefua. Hakuna aliyelichukua kwa kura. Lilichukuliwa uani kwa kaka yangu, siku ya jogoo, na aliyelitoa alikuwa mtu wa kwetu, na alilitoa akitabasamu.

Sasa ninakaa katika chumba cha nyuma kwa Casimir, kwa sababu nyumba yangu nayo ilikuwa juu ya ardhi ile. Kabla ya Noeli nilikwenda sokoni nikamkuta Suzanne amekaa na mihogo. Niliijua kabla sijaishika. Ile mbegu niliitoa mwenyewe kwa mama yangu, ngozi yake ni nyekundu ndani. Nikanunua. Suzanne hakunitazama usoni, lakini aliongeza mizizi miwili mikubwa juu ya fungu.

Siku ya Noeli nikasonga bukari, ugali wetu, kwa muhogo huo, nikaweka na ndakala wa mafuta ya ngazi. Casimir alikula kwa hamu.

"Muhogo muzuri," akasema. "Wa wapi?"

"Wa Mutambala."

Mkono wake ukasimama. Nikangoja. Nilifikiri: leo. Leo ataniambia neno moja, hata dogo, nami nitalipokea.

Akatafuna taratibu, akameza. "Banaung'oa mapema," akasema. "Haujakomaa vizuri. Unaona? Banaogopa. Banajua kesi itarudi, njo banavuna haraka haraka. Ni alama nzuri, dada."

Nikainama, nikachukua sahani ya ndakala iliyokuwa mbele yake. Kwetu mwanamke hachukui sahani mbele ya mwanaume anayekula, na mimi sikuwahi kufanya hivyo tangu nizaliwe. Nikala nikiwa nimesimama, mmoja mmoja, vichwa na mikia, nikimtazama, mpaka sahani ikabaki mafuta tu.

"Sasa sema, yaya," nikamwambia. "Nimechagua nani?"

Aliitazama sahani. Akautazama mdomo wangu. Na kweli alifikiri, kaka yangu, kwa yale macho yake mazuri yaliyoweza kuona tundu la wavu toka mbali.

"Albert," akasema.